Baba Mkwe Akicheka, Mita Moja kwa Robo Tatu

Jumatatu, tarehe 4

Kikao cha familia sebuleni kwetu. Ajenda moja tu: mama mkwe anastaafu. Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Amezalisha nusu ya mji huu na nusu nyingine ameigombeza. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Zawadi imekubaliwa: picha kubwa ya ukutani, yeye na marehemu baba mkwe, ya kutundikwa mkabala na kochi lake refu. Upana mita moja, kimo robo tatu ya mita. Siri! Mama mkwe asinuse kitu.

Kaka wa mke wangu akadai kazi ni yake. Huyu shemeji tunamwita Lenzi, kwa sababu ana kamera kubwa inayolala kwenye begi lenye mito, inalala vizuri kuliko mimi. Akatoa picha zake za wazee. Kweli safi. Lakini kila moja baba mkwe kanuna kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Nikanyanyuka. Nikazungusha simu yangu mkono kwa mkono. Baba mkwe jikoni, mwaka wake wa mwisho, anakata vitunguu huku amevaa miwani yake ya kuchomelea vyuma. Anacheka mpaka pengo la mbele linaonekana lote. Mama mkwe kamshika bega, kapinda kwa kicheko. Nilipiga mimi. Nyingine ya namna hiyo hakuna.

Mke wangu akafuta jicho kwa kiganja.

Lenzi akauliza kama ninayo ile yenyewe, ya asili. Nikamjibu: "Shemeji, nimeipiga kwa mkono wangu huu. Unataka asili gani tena?" Watu wakacheka. Lenzi akafunga zipu ya begi. Kazi nimepewa mimi! Nauza miwani, nawapima watu fremu kutwa nzima. Macho ndiyo mkate wangu. Picha moja itanishinda?

Jumanne, tarehe 5

Tatizo dogo. Dogo sana.

Simu iliyopiga picha ile niliirudisha dukani mwaka jana, nikaongezea pesa, nikachukua hii. Picha ya asili ilikwenda nayo. Niliyonayo ni ile niliyowahi kuituma kwenye grupu la familia. Lakini inang'aa! Kwenye simu naona hadi maganda ya kitunguu.

Mchana nikaenda kwa mama mwenye duka la kuchapisha, mtaa wa pili kutoka kazini. Wote wanamwita Mama Rola, kwa vile mashine yake ina rola ndefu kuliko kitanda. Nikamtumia picha. Nikamtajia kipimo. Akaniangalia kama fundi cherehani aliyeletewa leso aishone suti.

Akanieleza, bila haraka. Picha ni vidoti. Vidoti vyako ni vile vile, uitazame kwenye simu au uitandaze ukutani. Kwa simu vinatosha na kubaki. Kwa upana wa mita moja vitatawanyika mpaka vianze kupungiana mikono. Grupu lilipoipokea liliibana ili ipite haraka, na kilichobanwa hakirudi. Akasema anaweza kunitolea saizi ya kiganja, itapendeza sana.

Saizi ya kiganja! Mama mkwe ana ukuta, si pochi.

Nikamshukuru, nikasema faili kubwa linakuja kesho. Sijui nimelitoa wapi neno hilo. Lilitoka tu.

Jumatano, tarehe 6

Nimepata! Na ni rahisi mno.

Kompyuta ya kazini ina programu ya picha. Ndani kuna kisanduku cha upana na kisanduku cha vidoti kwa inchi. Nikaandika mita moja. Nikaandika mia tatu, maana nimesikia wataalamu wakitaja mia tatu. Nikabonyeza. Faili likanenepa kama mtu aliyerudi kutoka likizo! Kwa hiyo vidoti vinapatikana kwa kuandika tu. Watu wanahangaika bure.

Wakati wa kulihifadhi, kompyuta ikaganda, na uso wa baba mkwe umejaa skrini nzima, pua kwa pua. Hapo hapo daktari wetu wa macho akaingia na mgonjwa, mzee mmoja mpole. Daktari akauliza hiki ni nini. Nikasema ni kipimo kipya cha rangi. Daktari akamwuliza mzee anaona nini.

Mzee akakaza macho. "Naona vigae vya bafuni."

Daktari akamwandikia miwani. Nilinusurika, ila kwa mzee yule nafsi inanisuta. Kabla hajatoka nikamfuata mapokezi, nikamwambia macho yake hayana neno, arudi kesho apimwe upya. Akafurahi. Nami nikafurahi. Faili limeshatumwa kwa Mama Rola.

Alhamisi, tarehe 7

Mama Rola kanitolea kipande cha majaribio, uso peke yake, kwa ukubwa wake halisi. Mzee wa jana alikuwa sahihi. Vigae. Masharubu ya baba mkwe yamekuwa ngazi. Ungeweza kuyapanda mpaka ukafika puani. Mama Rola akasema programu haikuongeza kitu, imeinyoosha tu ile ile, kama chapati isiyokuwa na unga wa kutosha.

Sikukata tamaa. Kuna programu ya simu yenye akili mnemba, inajisifu kwamba picha iliyochakaa inairudisha upya. Nikaipa. Ikazunguka, ikazunguka. Ikatoa.

Mwenyezi Mungu! Ukali ulioje! Unyweleunywele unaonekana. Nikaisimamisha simu kwenye meza ya chumbani, nikasogea nyuma, nikajipongeza.

Mke wangu akapita na nguo za kupiga pasi. Akasimama. Akauliza: "Huyu mwanamume anayemkumbatia mama ni nani?"

Nikaangalia vizuri. Meno thelathini na mawili, yamepangwa kama piano. Pengo limezibwa! Pua imenyooka. Kovu la cheche kwenye kidevu halipo. Na mkono wa mama mkwe begani una kidole kimoja cha ziada.

Nikamwambia ni hatua za awali tu. Hakucheka. Akakaa kitandani, nguo mapajani. Akasema pengo lile alilijua kabla hajajua a, e, i, o, u. Akiwa mdogo baba yake alikuwa akipitisha mluzi pale, naye anajua kafika nyumbani. Halafu akaniuliza taratibu: ile picha ninayo, au sina?

Nikasema ninayo.

Sikulala vizuri. Si kwa sababu ya Lenzi. Mara ya kwanza wiki hii, si kwa sababu ya Lenzi.

Ijumaa, tarehe 8

Mpango wa tatu, bora kuliko yote. Kama simu haina vidoti, kamera ya Lenzi inavyo kwa maelfu. Kwa hiyo: nionyeshe picha kwenye simu, niipige simu picha kwa kamera yake. Vidoti vitajaa!

Nikaazima kamera yake, nikamdanganya kwamba kazini tunapiga picha fremu mpya. Akanipa, na maelekezo ya kutosha kumlea mtoto mchanga.

Nikajifungia bafuni, simu kwenye ukingo wa sinki, kamera mkononi. Nikapiga. Faili kubwa kweli! Lakini juu ya jiko kumetanda mawimbi ya rangi za upinde wa mvua, kama pazia la ukumbi wa harusi. Na katikati ya wazee wangu wawili kuna mtu wa tatu, anang'aa. Ni kipaji changu cha uso. Kioo cha simu kimenipiga na mimi.

Nikarudisha kamera. Nikasahau kufuta.

Lenzi akawasha, akabonyeza, akatazama. Nikangoja acheke. Ningecheka mimi. Hakucheka. Akauliza: "Shemeji, ile picha ipo au haipo?"

Nikasema ipo.

Akazima kamera. Akasema sawa, kama ipo, basi. Akanisindikiza mpaka mlangoni, akanitakia jioni njema. Bora angenitukana.

Jumamosi, tarehe 9

Asubuhi nimemweleza mke wangu yote. Yaani yeye alieleza, mimi nilikuwa naitikia. Simu nimeitoa, sivyo? Ndiyo. Ya grupu ndiyo niliyonayo, sivyo? Ndiyo. Watu wote wanangoja, sivyo? Nikainamisha kichwa.

Alikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akaweka kikombe chini na kusema: "Na ile uliyomwekea baba kwenye televisheni?"

Nikaruka! Kumbe! Siku ile ile ya vitunguu baba mkwe alilalamika kwamba kwenye simu anajiona kama sisimizi. Nikamhamishia picha kwenye flashi, nikaichomeka nyuma ya televisheni yake. Kutoka simu ya zamani moja kwa moja. Bila grupu! Bila kubanwa!

Lakini flashi ipo kwa mama mkwe. Na mama mkwe asijue kitu.

Nikafika na bisibisi mfukoni. Nikamwamkia. Nikasema nimekuja kuangalia televisheni, nasikia ina matatizo. Akasema haina tatizo lolote. Nikasema hapo ndipo televisheni inapotakiwa kuangaliwa, kabla. Akanitazama kwa jicho lililozoea kudanganywa na waume za watu kwenye korido ya wodi. Akasema: "Haya, mwanangu. Lakini hiyo flashi usiichezee."

Akachukua rimoti, akanionyesha. Skrini ikawaka. Baba mkwe huyo! Pengo, kovu, kitunguu, vyote. Akasema kila jioni akirudi kutoka kazini humwasha. Anavua viatu, anakaa, anamwambia nani kajifungua pacha na nani kamsumbua. Akasema zamani mzee alikuwa hasikilizi hata nusu, siku hizi angalau hasinzii.

Nikakaza skrubu ambayo haikulegea.

Mungu akanisaidia: alikuwa anakwenda sokoni. Akaniachia ufunguo, akasema akirudi amkute mtu wake. Alipokata kona nikachomoa flashi, nikafunga mlango, nikatimua mbio! Mtu mzima, bisibisi mkononi. Watu wakanipisha.

Mama Rola akachomeka. Akafungua. Akaikuza, akaikuza tena, akafika kwenye kioo cha miwani ya kuchomelea. Ndani ya kioo kuna kitunguu kidogo, kamili, na kisu chake. Nikashika kaunta. Akasema sasa hii ni picha. Vidoti mia na ushee kwa inchi, na ukuta wa sebuleni hutazamwa kutoka kwenye kochi, si kwa pua. Inatosha kabisa. Akaweka nakala kwenye kompyuta yake, akaniwekea nyingine kwenye simu.

Nikarudi mbio. Nikachomeka. Nikawasha. Mzee akacheka. Nikaanguka kwenye kochi, jasho linanitiririka mpaka viatuni, na mama mkwe akaingia na kapu. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Akasema naonekana mimi ndiye niliyehitaji fundi.

Ah! Tangu Jumatatu sijavuta pumzi nzima. Leo nimeivuta.

Jumapili, tarehe 10

Picha ina giza kidogo, na jiko lote ni njano, kwa sababu ya taa. Jambo jepesi. Nimeiongezea mwanga kwenye simu mpaka ikanipendeza, nikamtumia Mama Rola. Safari hii kwa barua pepe, si kwa grupu. Nimeelimika!

Jumatatu, tarehe 11

Kipande cha majaribio kimetoka. Utadhani umeme umekatika! Baba mkwe anacheka gizani. Mama mkwe amebaki meno tu. Kumbe skrini yangu ilikuwa imewashwa hadi mwisho, kwa hiyo nilikuwa naangalia mwanga wa simu nikidhani ni wa picha. Karatasi haina taa ndani yake.

Mke wangu akapiga simu kwa kaka yake bila kuniuliza. Nilitaka kupinga. Nikaenda kufuta meza.

Lenzi akaja na kompyuta yake. Akapunguza mwanga wa skrini hadi ikawa sawa na karatasi nyeupe aliyoishika pembeni. Akaondoa ule unjano kwa kuangalia sahani nyeupe iliyo mezani ndani ya picha. Akaangaza kivuli upande wa mama mkwe, polepole, kidogo, kidogo tena. Zile chembechembe kama mchanga zilizoibuka kwenye kivuli akazipunguza, lakini si usoni. Akasema ukizifuta zote ngozi inakuwa plastiki. Ukali akauacha mwisho kabisa. Mimi nilisimama nyuma yake nikishauri rangi iongezwe. Hakunisikia hata mara moja. Mtu mwenye masikio yale!

Alipofika kwenye pengo akaacha kubonyeza.

Akasema miaka yote, kila akinyanyua kamera, baba alifunga kifungo cha juu cha shati na kutazama mbele kama yupo kituo cha polisi. Akambembeleza, akamtania, wapi. Akasema: "Na wewe ukampata na kitunguu."

Nilikuwa na jibu zuri la kumkomesha. Nikaliacha. Nikamwambia alicheka kwa sababu mama alimwuliza kama anakata kitunguu au anakichomelea. Lenzi akacheka mpaka akafunga kompyuta. Akaifungua tena, tukaendelea.

Jumatano, tarehe 13

Kipande kipya cha majaribio: kizuri! Giza limekwenda, kovu lipo, sahani ni nyeupe. Mke wangu alikishika kwa muda mrefu, halafu akakiweka kwenye droo yake. Nimesamehewa, nadhani.

Picha itakuwa ya turubai, imevutwa kwenye fremu ya mbao. Lenzi ameongeza pembezoni kipande cha kukunjwa nyuma, ili kiwiko cha mama mkwe kisipotelee ukutani. Faili la mwisho nilipewa mimi nilipeleke.

Sasa. Ukweli ni ukweli. Picha nilipiga mimi. Lenzi akishasifiwa kwenye sherehe nani atanikumbuka? Nikafungua faili, nikaandika jina langu kwenye kona ya chini, mkono wa kulia. Herufi za dhahabu, zenye mkia. Mama Rola akauliza kama nina uhakika na pale nilipoliweka. Nikamwambia uhakika tele.

Ijumaa, tarehe 15

Nimekwenda kuchukua. Nikafunua karatasi pale pale dukani. Wateja wawili wasionijua wakaanza kucheka pamoja na baba mkwe. Hiyo ndiyo picha!

Nikatafuta jina langu. Halipo. Nikazunguka. Nikaigeuza. Lipo nyuma, dhahabu tupu, limekunjwa kwenye mbao na kupigwa pini tatu. Kipande cha kukunjwa! Nililiandika kwenye kipande cha kukunjwa! Litasomwa na ukuta.

Mama Rola akasema alijaribu kuniuliza.

Jumamosi, tarehe 16

Ukumbi umejaa wauguzi, na watu wazima waliozaliwa mikononi mwa mama mkwe, wanamwogopa mpaka leo. Picha ikasimamishwa mbele, imefunikwa shuka. Je, kama atasema si mumewe? Je, kama atalia vibaya?

Lenzi akavuta shuka.

Mama mkwe akainuka. Akasogea. Akavaa miwani yake, ile niliyompimia mimi. Akasogea tena mpaka karibu kabisa, na mimi moyoni nikasema mama, rudi nyuma, vidoti ni vya mtu wa kwenye kochi! Akainua kidole, akagusa pengo. Halafu kovu. Akasema: "Ndiye."

Basi. Neno moja hilo. Kisha akaangalia kitunguu na kuanza kucheka, akapinda vile vile kama kwenye picha, na ukumbi mzima ukamfuata. Nikaona kiti, nikakikalia. Lenzi akaja akakaa pembeni yangu. Akawaambia watu kwa sauti picha hiyo kapiga shemeji yake. Aliyatamka vizuri! Sikumwomba! Nilitazama chini, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilivaa viatu visivyo na kamba.

Mama mkwe akanishika kichwa kwa mikono miwili, kama anavyowashika watoto wachanga. Akasema kwenye televisheni sasa ataangalia taarifa ya habari.

Nimepona. Tumepona wote.

Jumapili, tarehe 17

Nimelala mpaka jua likanifukuza. Utulivu gani!

Jana nilipiga picha nyingi za sherehe kwa simu yangu. Ipo moja ya ajabu: mama mkwe na Lenzi na mke wangu mbele ya ile picha kubwa, wote wanacheka na mzee nyuma yao. Utadhani familia nzima ipo jikoni. Hakuna mwingine aliyeipata. Mama mdogo wa mke wangu anaitaka ya ukutani, mita mbili, na nimemwambia asihangaike na mtu mwingine.

Simu ikalalamika kwamba imejaa. Nikakaa chini, nikafanya mambo kitaalamu. Nikazituma zote kwenye grupu la familia, moja moja. Zimefika, alama mbili za tiki. Nikazitazama humo: safi, zinang'aa, naona hadi vifungo vya mashati. Kisha nikazifuta zile za kwenye simu, zote, na kwenye pipa la taka nikazifuta tena ili nafasi irudi.

Simu imekuwa nyepesi kweli kweli.